Pesa za Kaunti Hufika Lini?

Mama aliyekuwa akituletea maziwa ya wodi ya watoto alikuwa na daftari la kurasa mia mbili, jalada lake amelivika karatasi ya nailoni lisilowe mvua. Kila asubuhi alipopima lita zake thelathini kwenye jiko la hospitali, mpokeaji alitia sahihi humo. Kila mwisho wa mwezi alikuja nalo ofisini kwetu, akaliweka juu ya meza yangu, akavuta kiti. Mimi nilikuwa karani wa hesabu. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha sahihi zile na hati zetu, kuandika vocha, kuipeleka kwa mkuu wangu, kisha kumwambia mama yule neno ambalo nimelisema mara nyingi hata nikalichukia: "Dada, mgao haujaingia."

Kaunti yenyewe sitaitaja. Ni mojawapo ya kaunti za Pwani ya Kenya, na niliyoyaona huko wenzangu wa kaunti nyingine wameyaona kwao. Nilianza kuandika vocha mwaka 1989 nikiwa katika baraza la wilaya, enzi za kopi tatu na karatasi ya kaboni. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 tukahamishiwa kaunti, na mwaka 2022 nikastaafu. Nimeifuata shilingi ya umma kutoka kwenye karatasi za Nairobi hadi kwenye kikombe cha mtoto mgonjwa, na mahali inapokwama napajua.

Mjadala wa mgao ukizuka, redioni au barazani, utasikia watu wakibishana juu ya kiasi. Bilioni ngapi? Asilimia ngapi? Kaunti gani imependelewa? Ni maswali ya haki, nami nitayagusa. Lakini swali lililokuwa likimleta mama wa maziwa ofisini kwangu ni jingine: lini? Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 imelijibu waziwazi. Kifungu cha 219 kinaagiza fungu la kaunti lipelekwe bila kucheleweshwa isivyofaa na bila kukatwa, isipokuwa pale tu malipo yamesimamishwa kwa utaratibu maalumu wa Katiba yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ikaongeza tarehe: kila robo ya mwaka inapoanza, Hazina ya Kitaifa iwe imetuma pesa kabla ya siku ya 15 kupita. Katika miaka yangu tisa ya kaunti, siku ya 15 ilikuwa siku kama siku nyingine.

Tuanze na njia inayopitiwa na pesa hizo, maana wengi hudhani gavana ana ufunguo wa sanduku. Kodi kubwa zote, yaani kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, hutozwa na serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti imeachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa: maegesho, leseni za biashara, soko, hospitali. Kwa kuwa mkusanyaji mkubwa ni mmoja, Katiba inataka kila mwaka Bunge lipitishe Sheria ya Ugavi wa Mapato, inayogawa kapu mafungu mawili, fungu la taifa na fungu la kaunti zote. Kisha sheria ya pili huligawa fungu la kaunti kwa kaunti 47. Fungu la kila kaunti hutoka Hazina na kuingia katika akaunti yake iliyoko Benki Kuu. Hapo bado halijaguswa na mtu. Kaunti hupeleka maombi kwa Msimamizi wa Bajeti, ambaye ni afisa huru wa kikatiba, naye akiridhika kwamba matumizi yamo katika bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, huidhinisha pesa zitolewe. Ni hapo tu vocha ya maziwa inapoweza kulipwa.

Utaratibu huu ni mzuri. Nimeufanyia kazi na nautetea. Kasoro yake iko mwanzoni kabisa, pale Hazina inapoamua lini ifungue bomba.

Tatizo la serikali moja kushika bomba na nyingine kushika ndoo halikuanza mwaka 2013. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Katiba ya majimbo, iliyopiganiwa zaidi na chama cha KADU chini ya Ronald Ngala, mwana wa Pwani hii. Majimbo yale yalikuwa na mabunge yake, lakini pesa zilishikwa Nairobi, na kufikia mwisho wa mwaka 1964 mfumo huo ulikuwa umenyang'anywa nguvu zake. Mwaka uliofuata serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioelekeza pesa za maendeleo ziende kule ambako zitazaa haraka: kwenye ardhi yenye rutuba, mvua, barabara na reli. Ukitazama ramani ya Kenya, utajua waraka huo uliziacha nje sehemu gani.

Baba yangu alikuwa dresa katika zahanati ya baraza la wilaya. Baraza ndilo lililokuwa likiendesha shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani. Sheria ya mwaka 1969 ikazihamisha huduma hizo tatu, na tangu Januari 1970 baba akawa mtumishi wa wizara. Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka alivyokuwa akieleza tofauti. Zamani, paa la zahanati likitoboka, alipanda baiskeli akaenda kumwona mwenyekiti wa baraza, na fundi alipatikana. Sasa aliandika barua kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya akaandika mkoani, mkoa ukaandika Nairobi. Bati la chumba cha sindano lilivuja misimu mitatu ya mvua. Baba alijifunza kuhamisha kitanda cha wagonjwa kulingana na upande upepo unakotoka.

Baraza lililobaki, ambalo ndilo lililoniajiri, lilikuwa gofu. Halikuwa na kazi kubwa wala pesa. Tulikusanya ushuru wa mazao barabarani, tukalipa mishahara yetu nusunusu. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya kuyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza pesa zikija kwa mujibu wa sheria na wala si kwa hisani ya waziri. Mwaka 2003 ukaja mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ambao uliwekwa mikononi mwa wabunge, nao ni ugomvi wa peke yake.

Basi Katiba ya 2010 ilipoandika kwamba kaunti zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, mimi niliyeyajua mabaraza nililia. Mwaka wa kwanza wa fedha, 2013/14, kaunti zote zilitengewa shilingi bilioni 190. Fungu lilikuwa likipanda, ingawa si kila mwaka, na kwa mwaka 2025/26 lilifika bilioni 415. Pesa hizo zimejenga zahanati mahali ambapo mama mjamzito alikuwa akibebwa kwa machela. Zimechimba visima. Mwenye kusema ugatuzi haukuleta kitu, aende Wajir au Tana River akawaulize wenyeji.

Ugomvi wa kaunti kwa kaunti unastahili kuelezwa, kwa sababu pande zote mbili zina hoja. Kila baada ya miaka mitano Seneti, kwa ushauri wa Tume ya Ugavi wa Mapato, huamua vigezo vya kugawia: idadi ya watu, umaskini, ukubwa wa ardhi, na fungu ambalo kila kaunti hupata sawa. Chukua mwaka 2021/22. Nairobi ilipata fungu kubwa kuliko wote, kama bilioni 19.2. Lamu ilipata dogo kuliko wote, kama bilioni 3.1. Ukiishia hapo utasema Lamu imeonewa. Sasa gawanya kwa watu. Kwa sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu wapatao milioni 4.4, na Lamu kama 144,000. Mkazi wa Nairobi alifikiwa na shilingi 4,400 hivi, na wa Lamu shilingi 21,500. Ukiishia hapa utasema Nairobi ndiyo iliyoonewa, na ndivyo walivyosema waliokuwa wakiimba "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja."

Lakini mgonjwa wa Kizingitini au Kiunga, huko Lamu, hafiki hospitali kuu kwa matatu ya shilingi hamsini. Anahitaji boti, nahodha na petroli, na bahari iwe imekubali. Kaunti ya watu 144,000 inahitaji gavana, bunge, afisi ya hesabu na hospitali kuu kama inavyohitaji kaunti ya watu milioni mbili. Mimi nasimama na Lamu katika hili, na nasimama hivyo kwa sababu ya waraka ule wa 1965: aliyeachwa nyuma kwa miaka 45 kwa maandishi ya serikali hawezi kuambiwa mbio zianze sasa, kila mtu pale aliposimama. Hata hivyo simlaumu mkazi wa Mathare, Nairobi, anayeuliza mbona zahanati yake ina foleni ya kutwa. Anauliza swali la kweli.

Mwaka 2020, vigezo vipya vilipokuwa vinatafutwa, ubishi huu uliikwamisha Seneti miezi. Vikao viliitishwa vikavunjika. Mwezi Agosti maseneta watatu walikamatwa na polisi wakati kura ikisubiriwa. Kaunti kadhaa za kaskazini na za Pwani zilikuwa zikipoteza pesa katika pendekezo lililokuwa mezani. Hatimaye Septemba 17 maseneta walipatana, kwa ahadi kwamba vigezo vipya havitatumika mpaka kapu liongezwe mwaka unaofuata. Kapu likatoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili asiwepo wa kupunguziwa.

Huko Nairobi palipigwa makofi, na huku kwetu ulikuwa mwaka wa korona. Mwaka wa fedha ulianza Julai 1, na mpaka Septemba hapakuwa na sheria ya kugawa hata senti. Wauguzi waliokuwa wakivaa barakoa za kushonewa na mafundi wa mtaani walifanya kazi bila mshahara. Mkuu wangu alikwenda benki kukopa pesa za mishahara, na riba ya mkopo ule ikalipwa kwa pesa za umma. Mimi ndiye niliyeandika vocha ya riba. Ilikuwa inatosha kununua maziwa ya wodi kwa muda mrefu. Ucheleweshaji una gharama, na gharama hiyo haionekani katika hotuba yoyote ya bajeti kwa sababu haikupangwa na mtu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa na Seneti zilivutana juu ya ukubwa wa fungu hadi Septemba, na magavana wakaandamana kwenda Mahakama ya Juu. Mahakama ilitoa ushauri wake Mei 2020: pande mbili zikikwama, kaunti zipewe nusu ya fungu la mwaka uliopita ili kazi zisisimame wakati wakubwa wanabishana. Ni uamuzi ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kuyasoma, kwa sababu uliandikwa na watu walioelewa kwamba hospitali haina likizo.

Sasa kuhusu ile asilimia 15. Hazina husema kila mara kwamba inazipa kaunti zaidi ya inavyotakiwa, na kwa hesabu ya karatasi inasema kweli. Mwaka 2024/25 fungu la awali lilikuwa bilioni 400.1, ambalo ni zaidi ya asilimia 25. Asilimia 25 ya nini? Ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge, kama Katiba inavyotaka, na hesabu hizo zilikuwa za mwaka 2020/21, mwaka wa korona, taifa lilipokusanya kama trilioni 1.57. Mapato ya kugawana yaliyotarajiwa mwaka 2024/25 wenyewe yalikuwa zaidi ya trilioni 2.9. Kwa kipimo hicho kaunti zilitengewa chini ya asilimia 14. Sheria haikuvunjwa. Ila Bunge likichelewa kupitisha ripoti za ukaguzi, fungu la lazima la kaunti hubaki likipimwa kwa kibaba cha zamani. Hata hapo jambo lenyewe ni tarehe.

Kisha ukaja Juni 2024. Vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, uliokusudia kukusanya kama bilioni 346 za nyongeza. Juni 25 waliingia Bungeni, watu waliuawa kwa risasi, na siku ya pili Rais William Ruto akatangaza kuuondoa. Nilikuwa pamoja na vijana wale kwa moyo, na mmoja wao ni mjukuu wangu. Lakini kilichofuata wengi hawakukifuatilia. Serikali ikasema kwa kuwa mapato yamepungua, kaunti nazo zipunguziwe. Pendekezo la kwanza lilikuwa bilioni 380. Mabunge yakavutana tena, yakapatana kwenye bilioni 387.4, na mwaka ulikuwa karibu nusu yake umepita. Kumbuka kwamba Sheria ya Ugavi wa Mapato ya kila mwaka huwa na kifungu kinachosema mapato yakipungua, upungufu utabebwa na serikali ya kitaifa, kwa kiwango kitakachowekwa na kanuni. Mwaka ule sheria yenyewe ilibadilishwa njiani, kaunti zikiwa zimeshapanga bajeti zao kwa fungu la kwanza. Karani mwenzangu aliyebaki kazini alinipigia simu kuniuliza afanye nini na zabuni zilizokwisha kutolewa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Hazina ina hoja yake, nami sitaificha. Madeni ya nchi ni makubwa, na Katiba inayaweka mbele. Mwezi huohuo wa Juni 2024 Kenya ilikuwa inamalizia kulipa Eurobondi ya dola bilioni 2 iliyokopwa mwaka 2014. Isingelipa, shilingi ingeporomoka na sote tungeumia. Ililipa, kwa tarehe. Fungu la kaunti la mwezi uleule, kama bilioni 31, halikutoka mpaka mwaka wa fedha ukafungwa. Aliyetukopesha kutoka ng'ambo ana tarehe, na akikosa kulipwa siku hiyo dunia nzima itajua. Mama wa maziwa naye alitukopesha, lita thelathini kwa siku bila riba, na hakuna gazeti lililoandika siku tuliposhindwa kumlipa.

Nimewalaumu wa Nairobi vya kutosha, sasa niseme ya kwetu, maana nilikuwamo.

Pesa zikichelewa mwaka mzima, hufika kwa mkupuo Juni. Nimefanya kazi usiku wa Juni 28, 29 na 30 miaka tisa mfululizo. Mfumo wa malipo wa IFMIS hujaa watumiaji, skrini inaganda, mtu anaamka kwenda kunywa chai na kurudi, bado inazunguka. Mezani kuna vocha mia tano na pesa za vocha mia mbili. Kisichotumika kabla ya saa sita ya usiku wa Juni 30 hurudi katika mfuko wa kaunti na kusubiri bajeti nyingine. Sasa nani alipwe? Kwa haki, aliyetangulia. Lakini simu huanza kulia. Mtu huja kwa mkuu na kutoka. Rundo la vocha uliloliacha limepangwa kwa tarehe, unarudi unalikuta limepangwa kwa majina. Niliona bili ya mabati ya wiki mbili ikipita juu ya daftari la maziwa la miezi kumi na minne. Nilisema. Nikaambiwa nishughulike na vocha zangu.

Ndiyo maana nasema ucheleweshaji ni mama wa ufisadi katika kaunti. Pesa zingefika kwa ratiba, kila mmoja angelipwa kwa zamu yake, na mwenye kupanga foleni asingekuwa na cha kuuza. Pesa zisipotosha na zisipojulikana zitakuja lini, yule anayeamua nani atangulie anakuwa mfalme, hata kama cheo chake ni kidogo. Kufikia Juni 2025 kaunti zilikuwa zinadaiwa zaidi ya bilioni 170 na watu waliozijengea, waliozipikia na waliozisafirishia. Baadhi ya madai hayo ni ya uongo, na kuna magavana waliokataa kulipa madeni ya watangulizi wao kwa kisingizio cha uhakiki usiokwisha. Lakini mengi ni madaftari kama lile la mama yule.

Kaunti zina dhambi nyingine pia. Kanuni zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato na maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti, na kila robo mwaka ripoti ya Msimamizi wa Bajeti huonyesha nani amevunja, akiwemo aliyetumia mamilioni kwa safari huku zahanati yake haina glavu. Mapato ya kaunti zenyewe ni haba. Mwaka 2023/24 kaunti zote 47 zilikusanya kama bilioni 59, wakati zilizopokea kutoka Hazina zilikuwa karibu bilioni 355. Nairobi yenyewe, jiji la maghorofa, ilitoza kodi ya ardhi kwa miongo kadhaa ikitumia daftari la thamani la mwaka 1982. Huwezi kumlaumu mwenye bomba kila siku na wewe kisima chako hujakifukua.

Wapo wanaotaka kiwango cha asilimia 15 kipandishwe. Magavana walianza kampeni hiyo mwaka 2014. Mapendekezo ya BBI ya kurekebisha Katiba yalitaja asilimia 35, yakaangushwa na Mahakama ya Juu Machi 2022. Siwapingi. Ila nikipewa nafasi ya kuchagua kimoja, nitachagua tarehe. Fungu la kaunti litoke lenyewe siku ya 15, kama mshahara wa mbunge unavyotoka, bila waziri kuweka sahihi. Likichelewa, liongezwe riba, ile riba ambayo sasa kaunti inalipa benki. Na kila kaunti ibandike ukutani foleni ya vocha zake, tarehe ya kupokewa na tarehe ya kulipwa, kila mtu aisome. Haya hayahitaji kura ya maoni. Foleni ukutani haihitaji hata sheria, inahitaji karatasi na gundi.

Mama wa maziwa alikuja mara ya mwisho mwezi mmoja kabla sijastaafu. Hakuvuta kiti. Alilifungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho, akanionyesha kuwa limejaa, akaniuliza kama anunue jingine. Nilimwambia ukweli: asinunue. Ng'ombe watatu alikuwa ameshawauza kulipia vyakula vyao wenyewe na karo ya binti. Tangu wiki ile watoto wa wodi walipewa chai ya rangi. Yeye alilipwa mwaka mmoja baadaye, pungufu, kwa kuwa kurasa nne zilikuwa zimeingia maji na sahihi hazikusomeka.

Kila mwaka kabla ya mwisho wa Februari kaunti yako hutayarisha waraka wa mwelekeo wa fedha, na kabla ya mwisho wa Aprili hupeleka makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti. Sheria inataka wananchi waitwe kutoa maoni. Vikao hivyo hufanyika katika kumbi za jamii na chini ya miembe, na mara nyingi wanaohudhuria ni walewale walioletwa na basi. Nenda. Mwakilishi wadi wako akisimama kutaja mamilioni ya barabara na soko, mwache amalize, kisha inua mkono umuulize: mgao wa robo hii uliingia tarehe ngapi, na nani amelipwa kwanza?